Mashine Isemapo Kweli na Mtabibu Akapotoka: Hitilafu za Kuzaliwa za Moyo na Mapafu katika Uangalizi wa Wagonjwa Mahututi

Tuchukue mfano wa mtoto wa kiume mwenye umri wa siku 11. Alizaliwa na uzito wa kawaida, akanyonya vizuri kwa wiki nzima, kisha akaanza kukataa titi, akapumua kwa haraka na miguu yake ikawa ya baridi. Anafikishwa hospitali ya mkoa akiwa amelegea. Muuguzi anafunga mkanda wa kupimia shinikizo la damu kwenye mkono wa kulia, kama alivyofundishwa, na mashine inaonesha 48 kwa 30. Anaufunga mguuni, inaonesha 46 kwa 29. Daktari wa zamu anakumbuka kwamba kubanwa kwa aota, hitilafu inayoweza kumuua mtoto mchanga katika wiki za mwanzo za maisha, hutambulika kwa tofauti kubwa ya shinikizo kati ya mkono na mguu. Hapa tofauti haipo. Anaandika kwenye faili kwamba aota haina tatizo na kwamba mtoto ana maambukizi katika damu. Zinaanzishwa antibiotiki, maji ya mshipani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha adrenalini. Kila hatua inafaa kwa ugonjwa ulioandikwa. Lakini ini la mtoto linavimba, mapafu yanajaa maji, na shinikizo halipandi.

Mtoto huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, ila hitilafu yake ipo. Aota yake imebanwa kweli. Kwa watu wengi ateri inayolisha mkono wa kulia huchipuka kutoka tawi la kwanza la upinde wa aota, juu kabisa ya mahali ambapo mbano hutokea. Ndiyo sababu vitabu vinatuagiza kupima mkono wa kulia. Kwa mtoto huyu ateri hiyo imechipuka ya mwisho, chini ya mbano, ikapita nyuma ya umio kuufuata mkono. Mkono wa kulia na mguu vinakunywa kisima kimoja, kwa hiyo vipimo vyake vinalingana. Umbile hili la ateri si jambo la ajabu: hupatikana kwa takriban mtu mmoja katika kila watu 100, na kwa wenye sindromu ya Down ni zaidi ya hapo. Wengi huishi nalo hadi uzeeni bila kujua, kwa kuwa peke yake mara nyingi halimdhuru mtu. Hudhuru linapokutana na hitilafu ya pili na mtabibu asiyelitarajia.

Mashine haikukosea hata kidogo. Shinikizo katika mkono ule ni 48. Kosa limo katika sentensi ambayo mashine haikuisema, yaani kwamba shinikizo la mkono ule ndilo shinikizo linaloufikia ubongo na ndilo ambalo moyo unasukumana nalo. Juu ya mbano shinikizo laweza kuwa karibu maradufu ya lile la chini, na adrenalini inauchapa moyo uliochoka usukume zaidi dhidi ya mlango uliofungwa.

Ni nini kingemwokoa? Kwanza mkono wa kushoto. Kupima viungo vyote vinne huchukua dakika chache, na hakuhitaji kifaa ambacho hospitali ya wilaya haina. Pili, ncha ya kidole shingoni. Ateri ya karotidi inayodunda kwa nguvu kwa mtoto ambaye mkono wake hauna mapigo ya kueleweka ni dalili ambayo haipaswi kuachwa ipite. Nasisitiza shingo kwa sababu ipo hali mbaya zaidi: mbano unapoigusa pia ateri ya mkono wa kushoto, huku ile ya kulia ikitoka chini. Hapo viungo vyote vinne vitaonesha shinikizo dogo lililo sawa, na shahidi pekee aliyebaki ni karotidi. Mtoto wa namna hii anahitaji prostaglandini ili kuufungua upya mfereji wa daktasi, ule unaounganisha ateri ya mapafu na aota kabla ya kuzaliwa, hadi atakapofika kwa wapasuaji wa moyo.

Nimeanza na shinikizo la damu kwa kuwa ndilo kipimo tunachokiamini bila kujiuliza. Hata hivyo, kila namba kwenye kioo cha mashine kando ya kitanda inabeba ndani yake ramani ya mwili: damu inatoka wapi, inapita wapi, inachanganyika na ipi. Watengenezaji wa mashine walichora ramani ya watu wengi. Mgonjwa aliyezaliwa na ramani nyingine atapata namba zilizo sahihi zenye maana potofu, na sisi tutaitibu maana.

Wakati mwingine ramani imebadilishwa na mkono wa binadamu. Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Marekani, Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto mwenye moyo wa kibuluu kwa wazo la Helen Taussig na kwa ufundi ambao Vivien Thomas alikuwa ameuandaa katika maabara. Waliikata ateri ya mkono mmoja na kuiunganisha na ateri ya mapafu ili mapafu yapate damu zaidi. Mkono ulibaki kulishwa na vijimshipa vya pembeni. Siku hizi wapasuaji huweka kipande cha mrija wa bandia badala ya kuitoa ateri yote mhanga, lakini hata mrija huo waweza kunyonya damu ya mkono ule au kuacha ateri yake imepungua upana. Watoto wengi wa Tanzania wamefanyiwa upasuaji wa moyo India, Israeli na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, kisha wakarudi vijijini kwao. Miaka kumi baadaye mmoja wao anagongwa na pikipiki, analetwa akiwa hajitambui, na mkanda unafungwa kwenye mkono ulio karibu na mpimaji. Kabla ya kuanza dawa ya kupandisha shinikizo, mgeuze mgonjwa utazame ubavu wake. Kovu linalotoka chini ya kwapa kuelekea mgongoni ni cheti cha rufaa ambacho hakipotei. Na kama mzazi yupo, aulizwe: “Mama, mtoto aliwahi kupasuliwa moyo? Walikwambia mkono gani usipimwe?” Mara nyingi mama anajua.

Kipima oksijeni cha kidoleni nacho kina ramani yake. Wazo la kifaa hiki lilitolewa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974: kupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kidoleni, kisha kuhesabu kiasi kilichofyonzwa na damu inayodunda. Ili kuzigeuza hesabu hizo kuwa asilimia, vifaa hulinganishwa na damu ya watu wenye afya waliojitolea kuvuta hewa yenye oksijeni kidogo. Hakuna mwenye haki ya kumshusha mtu mzima wa afya hadi asilimia 60 kwa ajili ya majaribio. Kwa hiyo chini ya asilimia 70 hivi kifaa kinakisia, na kuanzia chini ya 80 usahihi wake unapungua, mara nyingi kwa kusoma juu kuliko ukweli. Mtoto mwenye moyo wa kibuluu anaishi humo humo katika eneo la makisio. Kifaa kikionesha 78, damu ya ateri yaweza kuwa na 70. Kwetu sisi liongezwe jambo moja: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kuwa kwa wagonjwa Weusi kifaa hiki hukosa kugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa Weupe. Kipimo cha gesi katika damu ya ateri, pale kinapopatikana, si anasa kwa watoto hawa.

Turudi kwa ateri ya mkono wa kulia iliyochipuka ya mwisho. Tunawapima watoto wachanga oksijeni mkono wa kulia na mguuni, na tofauti inayozidi asilimia 3 hutushtua, kwa kuwa mkono hupata damu iliyotoka kabla ya mfereji wa daktasi na mguu hupata iliyochanganyika baada yake. Ikiwa ateri ya mkono imetoka karibu na mfereji au chini yake, mkono unajiunga na mguu, tofauti inatoweka, na mtoto anapasi mtihani ambao hakustahili kupasi. Umbile moja limevidanganya vipimo viwili vilivyodhaniwa kuwa mashahidi wawili.

Lakini katika mambo ya oksijeni, linalonisumbua zaidi ni namba nzuri kupita kiasi. Yupo mtoto aliyezaliwa na upande wa kushoto wa moyo usiokua, ambaye ventrikali moja tu inasukuma damu ya mapafu na ya mwili wote kwa pamoja. Damu inagawanyika kufuata njia iliyo rahisi. Kwa mtoto huyu asilimia 75 hadi 85 ndiyo hali tunayoitafuta, kwa sababu inaashiria kwamba mgawanyo unakaribia usawa. Anayempokea bila kujua humwona wa kibuluu, humvisha barakoa ya oksijeni, na namba inapanda: 88, 92, 96. Chumba kizima kinafarijika. Oksijeni imeilegeza mishipa ya mapafu, damu inakimbilia huko, na mwili unakosa. Vilevile oksijeni huuchochea mfereji wa daktasi kufunga, na kwa mtoto huyu mfereji ndio njia pekee ya kuufikia mwili. Saa chache baadaye hakuna mkojo, miguu ni baridi, lakteti inapanda, na shinikizo la chini limeporomoka, ilhali kioo bado kinaonesha 96 kwa rangi ya kijani. Asilimia ya oksijeni haisemi ni damu kiasi gani inayofika. Mtoto wa kibuluu ambaye oksijeni yake inapanda huku hali yake inashuka apunguziwe oksijeni kwa uangalifu, asiongezewe, na prostaglandini isicheleweshwe.

Kipima kabonidioksaidi cha pumzi inayotoka kinahitaji maelezo mafupi. Kwa mtu wa kawaida kipimo cha pumzi hupungua kile cha damu ya ateri kwa milimita 2 hadi 5 za zebaki. Kwa mgonjwa ambaye sehemu ya damu inavuka kutoka kulia kwenda kushoto bila kupita mapafuni, kama katika ugonjwa aliouelezea Fallot huko Marseille mwaka 1888, pengo hili hupanuka, na wakati wa shambulio la kibuluu hupanuka ghafla: damu haifiki mapafuni, basi hakuna kinachotolewa. Kioo kinaonesha 20. Anayedhani kwamba mgonjwa anapumulishwa kupita kiasi atapunguza kasi ya mashine. Kabonidioksaidi ya damu, ambayo tangu mwanzo ilikuwa 50, itazidi kupanda, asidi itaongezeka, mishipa ya mapafu itabana, na damu itapungua tena mapafuni. Pengo likijulikana mapema kwa gesi ya damu ya ateri, namba ya pumzi inafaa kufuatia mwelekeo, haifai kupangia kiwango.

Sasa katheta ya vena kuu, ambayo humhusu mtu mzima aliyeishi miaka 50 bila kuambiwa kuwa ana hitilafu yoyote. Mama mmoja amefanyiwa upasuaji wa tumbo, ana maambukizi, na katheta inaingizwa kupitia vena ya shingo upande wa kushoto kwa kuongozwa na altrasaundi. Damu inatoka vizuri. Eksirei inaonesha katheta haikuvuka kwenda kulia kama inavyopaswa, bali imeshuka wima pembeni mwa moyo, upande wa kushoto. Je, imo ndani ya aota? Imetoboa ikaingia kifuani? Imepotea katika kijivena kidogo cha ukuta wa kifua?

Yawezekana imo ndani ya vena kava ya juu ya kushoto. Kila kijusi huwa na jozi ya vena hizi. Ya kushoto hunywea na kubaki ukano mdogo ambao John Marshall aliueleza mwaka 1850. Kwa watu 3 hadi 5 katika kila 1,000 hainywei, na kwa waliozaliwa na maradhi ya moyo ni wengi zaidi kwa mara kadhaa. Kwa kawaida humwaga damu yake katika sinasi ya koronari, mfereji ulio nyuma ya moyo, na kutoka hapo huingia atriamu ya kulia. Mwenye umbile hili hana dalili.

Jibu halitafutwi kwa kuitazama eksirei kwa muda mrefu. Unganisha katheta na kipima shinikizo: mawimbi ya vena ni madogo na laini, ya ateri hayafichiki. Chukua damu ya katheta na damu ya ateri kwa wakati mmoja, uzilinganishe. Ikionekana kuwa ni ateri, katheta nene isichomolewe kwa haraka kabla ya kumwita mpasuaji. Mpaka jibu lipatikane, dawa za kubana mishipa zipite njia nyingine. Penye mashine ya eko, sinasi ya koronari itaonekana imetanuka, na maji ya chumvi yaliyotikiswa yakaingizwa mkono wa kushoto yatang’aa katika sinasi kabla ya atriamu ya kulia.

Je, katheta hiyo yatumika? Kwa dharura, ndiyo, ikiwa ncha iko juu, ndani ya vena yenyewe. Ikizama hadi kwenye sinasi yaweza kuvuruga mdundo wa moyo au kutoboa, na yaleta pia udanganyifu ambao haujulikani sana. Damu ya sinasi imetoka kuulisha msuli wa moyo, na moyo hunyonya oksijeni kuliko karibu kiungo kingine chochote. Damu hiyo hubaki na asilimia 30 hivi tu. Tunapopima oksijeni ya vena kuu tukitarajia 70 na kupata 45, tunasoma mwili unaokosa damu, tunaongeza maji na kuongeza dawa. Pengine tumechota tu karibu na mdomo wa sinasi. Na kwa wachache, takriban mmoja katika kila 10 wenye vena hii, haiishii kulia bali kwenye atriamu ya kushoto, ambapo kipovu kimoja cha hewa katika mpira wa maji kina njia nyoofu hadi ubongoni.

Kinyume chake nacho kipo. Katheta kutoka shingo ya kushoto yaweza kuingia vena ya pafu iliyojiunga pasipo pake, na hapo damu inayotoka ni nyekundu kama ya ateri ilhali shinikizo lake ni dogo. Wengi huhangaika hapa. Ulinganisho wa gesi husaidia: ikiwa damu ya katheta ina oksijeni nyingi kuliko ateri ya mgonjwa huyo huyo, haiwezi kuwa imetoka katika ateri. Mahali pekee mwilini penye damu kama hiyo ni vena itokayo mapafuni.

Mapafu yenyewe hudanganya kwa picha zaidi kuliko kwa namba. Mtoto wa wiki tatu anahema kwa shida, eksirei inaonesha upande wa kushoto wa kifua mweusi kabisa na moyo umesukumwa kulia. Kila daktari kijana amefundishwa kwamba hewa iliyonasa nje ya pafu ni dharura ya kuchomwa sindano mara moja, na mafunzo hayo ni mema. Lakini yapo mapafu ambayo sehemu yake moja, mara nyingi ya juu kushoto, imezaliwa na tawi la hewa dhaifu: hewa inaingia, haitoki, sehemu hiyo inavimba kama puto. Ukitazama kwa makini utaona nyuzi hafifu za mishipa ya damu zikifika hadi pembeni mwa weusi ule, na pafu lililobaki limebanwa chini, kwenye kiwambo, badala ya kujikunja katikati. Sindano ikiingia humo inatengeneza ule ugonjwa uliodhaniwa. Na mashine ya kupumulia, ikisukuma hewa kwa nguvu, inalivimbisha puto zaidi. Ikiwa mtoto bado ana mapigo na shinikizo la kuridhisha, kuna muda wa kuitazama picha mara ya pili. Ikiwa anakata roho, hakuna, na hatumlaumu aliyechoma. Tahadhari iyo hiyo inahusu mtoto mwenye tundu kwenye kiwambo, ambaye matumbo yake yamepanda kifuani na gesi ya matumbo ikaonekana kama hewa iliyonasa. Mrija wa puani ukipitishwa na kuonekana umejikunja kifuani, jibu limepatikana.

Udanganyifu mwingine wa mapafu utawafahamikia zaidi waliokulia kwenye mifugo. Aliyewahi kuchinja mbuzi na kuyachunguza mapafu yake ameona kwamba tawi la hewa la sehemu ya juu ya pafu la kulia huchomoza kutoka kwenye trakea yenyewe, kabla ya trakea kugawanyika. Kwa mbuzi, ng’ombe na nguruwe huo ndio utaratibu. Binadamu wachache, kati ya mmoja katika 1,000 na 2 katika 100, huzaliwa hivyo. Siku wanapowekewa mrija wa kupumulia, ubavu wa mrija huziba tundu la tawi hilo. Eksirei inasema mrija uko mahali pake, na kwa vipimo vya kitabu uko kweli. Ila sehemu ya juu ya pafu la kulia imenywea, oksijeni inashuka, mashine inalia kwa shinikizo kubwa. Tunanyonya makohozi, tunabadilisha antibiotiki, kesho tena imenywea. Kuuvuta mrija nyuma sentimita moja au mbili, kwa uangalizi, mara nyingine humaliza tatizo la siku nne.

Moyo ulio upande wa kulia wa kifua nautaja kwa ufupi, kwa kuwa humshangaza mtu mara moja tu. Nyaya za kipima umeme wa moyo zihamishiwe kulia, na pedi za kushtua moyo ziwekwe kufuata mahali moyo ulipo, si mahali picha kwenye pakiti inapoonesha.

Yapo mengine, lakini haya yanatosha kwa kazi ya wodini, na kazi hiyo ina sehemu ya karatasi ambayo huwa tunaidharau. Hitilafu ikishagunduliwa iandikwe kwa maneno ya vitendo, si kwa jina la Kilatini peke yake. “Ateri ya kulia si ya kawaida” haimsaidii muuguzi wa zamu ya usiku. “Shinikizo lipimwe mkono wa kushoto tu, oksijeni inayotakiwa 75 hadi 85, usiache kipovu kwenye mpira wowote” inamsaidia, tena ikiwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda na nakala yake kwenye kadi ya kliniki anayoondoka nayo mama. Kadi za watoto wengi zina jina la upasuaji na tarehe. Nafasi ya kuandika mkono gani upimwe haijachapishwa, lakini pembeni mwa kadi huwa pana nafasi ya kutosha kwa kalamu.